Miaka 50 ya TBS, kwa Macho ya Nyasubi

Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilifanya mambo mawili ambayo si kawaida kuyakuta yameandikwa ukurasa mmoja. La kwanza lilisikika kila kona: Operesheni Maduka, kampeni ya kufunga maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka mahali pake maduka ya kijiji. La pili halikusikika nje ya ofisi za Dar es Salaam. Tarehe 16 Aprili, Sheria Na. 3 ya mwaka 1975 ilianza kutumika, na nchi ikapata taasisi ya kuweka viwango vya bidhaa. Mwaka 1977 sheria ilirekebishwa na taasisi hiyo ikapewa jina tunalolijua, Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kwa hiyo mwaka uleule ambao mwenye duka aliambiwa afunge, ndio ulioleta chombo cha kupima alichokuwa akiuza.

Shirika limetimiza nusu karne. Watakaoliandika kutoka Ubungo, kwenye makao makuu yake, watakuwa na sheria, maabara na vyeti vya kuhesabu, nao watafanya vizuri. Mimi nalitazama kutoka Nyasubi, kata ya Manispaa ya Kahama, kwa sababu huku ndiko alama yake inakofika ikiwa imechoka kwa safari, na huku ndiko inakoamuliwa kama imefika kweli.

Kabla ya TBS palikuwa na debe. Mafuta ya taa yalikuja kutoka ng'ambo ndani ya mabati ya mraba, mawili mawili kwenye sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, bati lilianza maisha yake ya pili: lilichotea maji, lilikatwa likawa koroboi, lilinyooshwa likaziba paa. Zaidi ya yote lilipimia mahindi, mtama na mpunga. Kampuni ya mafuta ilitaka tu chombo kisichovuja melini, haikujua inawapa wakulima wa Usukuma na Unyamwezi kipimo kitakachodumu kuliko jina lililochapwa juu yake. Leo bati lenyewe huwezi kuliona kirahisi, ndoo ya plastiki ya lita 20 imechukua kazi, lakini mpunga wa Kahama bado unanunuliwa kwa debe, na ugomvi wa debe lililojazwa mpaka likaota kilima bado upo. Gunia nalo likishonewa kichwa huitwa lumbesa, na Wakala wa Vipimo haujamaliza vita nayo mpaka sasa.

Chapa nazo zilikuwepo. Mteja asiyejua kusoma aliitambua bidhaa kwa rangi na picha: kopo la Blue Band, kopo la Kimbo, dawa ya viatu ya Kiwi na ndege wake. Mengi ya makopo hayo ya mafuta ya kupikia yalitoka Nairobi, kwenye kiwanda cha East Africa Industries. Hata hivyo mtu hakuliamini kopo peke yake. Alimwamini mwenye duka, yule aliyemkopesha kitambaa na chumvi mwezi wa njaa akaandika kwenye daftari, akasubiri msimu wa pamba ndipo alipwe. Mwenye duka akikuuzia kitu kibovu ulijua pa kumpata, naye alijua kwamba ulijua. Sisemi alikuwa mtakatifu. Mizani za siku zile zina simulizi zake, na mkopo wa duka uliwafunga wakulima wengi. Lakini dhamana ilikuwa na sura na jina.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaanza kuiondoa sura hiyo. Biashara ya jumla na ya nje ilitiwa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, STC, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ikagawiwa kwa makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Shinyanga ilikuwa na RTC yake. Tangu 1973 Tume ya Bei ndiyo iliyopanga sabuni iuzwe shilingi ngapi. Mwaka 1976, pamoja na maduka, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa pia, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikinunua pamba ya huku. Mzalishaji akawa serikali, msambazaji serikali, mpanga bei serikali. Sasa serikali hiyohiyo ikaunda chombo cha kuhakiki ubora wa bidhaa zake yenyewe.

Mtu anaweza kucheka, lakini wazo lenyewe lilikuwa zuri. Kenya ilikuwa imeunda shirika lake la viwango kwa sheria ya mwaka 1974, na nchi nyingi zilizotoka kupata uhuru zilifanya hivyo kwa sababu moja: viwanda vipya vilihitaji kujua nondo iwe nene kiasi gani, uzi wa kitambaa uvumilie nini, betri itoe umeme kiasi gani. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja kwa amri. Kiwango huandikwa na kamati ya wataalamu: watengenezaji, watumiaji, watu wa vyuo vikuu, watu wa wizara. Wanabishana mpaka waafikiane, rasimu inatolewa kwa umma itoe maoni, kisha kiwango kinapewa namba inayoanza na herufi TZS. Vingine hubaki vya hiari. Vinavyogusa afya, usalama na mazingira huwa vya lazima. Kiwanda kikitaka alama, wakaguzi huenda kukitazama, huchukua sampuli, huipima maabara, na leseni ikitoka hawaishii hapo: hurudi tena kiwandani na hata sokoni kununua bidhaa kama mteja wa kawaida waone kama bado ni ileile. TBS ndiyo pia inayotunza vipimo vya rejea vya taifa, yaani kilo ambayo mizani nyingine zote, kwa ngazi ndefu, zinatakiwa kukubaliana nayo.

Shida ya miaka ile haikuwa ubora. Shida ilikuwa kupata. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kimbo ikawa bidhaa ya magendo. Kisha vikaja vita vya Kagera mwishoni mwa 1978, na bei ya mafuta duniani ikapanda. Wazee wa Kahama bado wanakumbuka kufua nguo kwa majani ya mpapai. Sukari na sabuni vilipofika duka la kijiji, mtu alikwenda foleni kabla hajajua kimekuja nini. Alipanga kwanza, akauliza baadaye. Kitenge cha Mwatex kilichopatikana kwa mgao hakikuchaguliwa rangi. Machi 1983 ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wakawa wanatupa mitoni na kufukia ardhini sabuni na nguo ambazo mwezi uliopita walikuwa wakizisaka.

Katika hali hiyo alama ya ubora ilikuwa haina kazi dukani. Alama humsaidia mtu anayechagua, na mnunuzi wa 1981 hakuwa akichagua. Nadhani hili halisemwi vya kutosha katika hotuba za maadhimisho: kwa takriban miaka kumi ya mwanzo TBS ilijenga nyumba ambayo wapangaji hawakuwepo. Iliandika viwango, ikafungua maabara za chakula, kemia, nguo na uhandisi, ikafundisha wataalamu, wakati huku mikoani rafu zilikuwa tupu. Wengine wangeiita kazi bure. Mimi naiona ndiyo sehemu ya heshima kubwa zaidi katika historia yake, kwa sababu milango ilipofunguliwa, angalau palikuwa na kitu cha kushika.

Milango ilifunguliwa kwa bajeti ya mwaka 1984, iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Mitumba ikaja. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 mambo yakaenda kasi. Na hapa ndipo matangazo nayo yalipopata nguvu. Zamani tulikuwa na Radio Tanzania na Idhaa yake ya Biashara, ambako tangazo lilisomwa taratibu kana kwamba ni taarifa ya msiba. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikaruhusu redio na televisheni za watu binafsi, na Kanda ya Ziwa ikapata Radio Free Africa kutoka Mwanza, ambako sabuni iliimbwa na bia ilipigiwa ngoma. Bia ya Balimi ilielekezwa moja kwa moja kwa watu wa kanda hii, tangu jina lake.

Lakini tangazo kubwa la Kahama halikuwa redio. Lilikuwa ukuta. Mwenye duka alipakiwa rangi bure, na malipo yake yalikuwa jina la duka kuandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la soda au la mtandao wa simu. Ukuta wa duka la kona ukikwanguliwa unasomeka kama kitabu: chini nyekundu ya Coca-Cola, juu yake rangi za Celtel iliyoanza 2001, juu yake Zain ya 2008, juu yake Airtel ya 2010, na majuzi mafundi wamerudi tena kupaka kwa sababu Tigo imegeuka Yas mwishoni mwa 2024. Mtaa mzima unabadilika rangi kwa uamuzi uliofanyika kwenye mkutano wa wakurugenzi nchi nyingine, na mwenye nyumba anafurahi kwa sababu plasta imepata rangi mpya.

Dhahabu ndiyo iliyoujaza mji. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi, karibu kabisa na mji wa Kahama, 2009. Wachimbaji wadogo walikuwa wameshatapakaa Kakola na kwingineko miaka mingi kabla. Isaka, penye bandari kavu, iko jirani. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita. Mji wa namna hii una sifa moja muhimu kwa anayeuza bidhaa: kila mtu ni mgeni. Mchimbaji aliyetoka Kigoma jana, dereva atakayelala usiku mmoja, kijana wa Bukombe aliyepanga chumba Nyasubi miezi mitatu. Hakuna mwenye daftari kwa mwenye duka. Dhamana ya sura ikafa, na pakabaki dhamana ya maandishi kwenye pakiti. Wadanganyifu walilijua hilo mapema kuliko taasisi zote. Betri zisizomaliza usiku mmoja, nyaya za umeme zenye shaba kama uzi, mabati membamba yanayopeperuka kwa upepo wa kwanza wa masika, dawa ya meno yenye jina linalofanana na lile maarufu isipokuwa herufi moja: vyote vilikuja huku kwa wingi, kwa sababu huku palikuwa na fedha taslimu na watu wasiojuana.

Dawa ya serikali ilikuwa ya vipande vipande, na mwananchi hajawahi kuelezwa vizuri nani anafanya nini. Bidhaa bandia, zile zinazoiba jina la mwingine, ziko chini ya Tume ya Ushindani kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Usajili wa jina la biashara ni BRELA. Uzito ni Wakala wa Vipimo. Ubora ni TBS, ambayo ilipata sheria mpya, Na. 2 ya mwaka 2009, iliyoipa meno zaidi. Februari 2012 ilianza utaratibu wa kukagua bidhaa hukohuko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, ili kontena likifika Dar es Salaam liwe na cheti. Mantiki yake inaeleweka: ni rahisi kuzuia bati bovu kwenye kiwanda cha Guangzhou kuliko kulifukuza kutoka paa moja moja la Nyasubi.

Chakula na vipodozi vilikuwa kwa wenzao wa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, hadi tarehe 1 Julai 2019, vilipohamishiwa TBS. Mzigo wa vipodozi si mdogo. Krimu za kujichubua, zile ambazo akina dada huzichanganya wenyewe na kuziita mkorogo, nyingine zina haidrokwinoni na nyingine zina zebaki, na zimepigwa marufuku miaka mingi. Zinaendelea kuuzwa, zimefichwa nyuma ya vitu halali. Fikiria mji huu: mwanamume yuko Geita anachoma zebaki kwenye karai ili dhahabu ibaki, anaambiwa na maofisa wa afya avae barakoa asivute mvuke, mkewe au mpenzi wake yuko mjini anapaka madini yaleyale usoni kila usiku, kutoka kwenye kopo dogo lenye picha ya mwanamke mweupe anayetabasamu. La kwanza tumelifanyia semina nyingi. La pili limebaki kazi ya mkaguzi anayeingia dukani mchana, wakati biashara yenyewe inafanyika kwa kunong'onezana.

Kuna somo jingine ambalo migodi ilitufundisha kuhusu alama, nalo ni viroba vya pombe. Vile vipakti vidogo vya plastiki vilitoka viwanda vyenye leseni, vilipimwa, na vilibeba alama ya ubora kihalali. Ndani yake palikuwa na kilekile kilichoandikwa nje. Ndiyo maana vilipendwa: vya bei ndogo, vinaingia mfukoni, kijana alivibana kwenye soksi akaingia shimoni navyo, na mwanafunzi akaingia navyo darasani. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia 1 Machi 2017. Kiwango hakikukosewa. Kilichokosewa ni ukubwa wa pakiti, na ukubwa wa pakiti, kwa pombe, ni tangazo tosha. Miaka miwili baadaye, 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea nayo ikaondoka. TBS ikabidi iandike kiwango cha mfuko mbadala, uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba, uchapwe jina la mtengenezaji. Ikaja mifuko myepesi isiyofika hapo, ikachanika njiani na nyanya, ikafukuzwa nayo.

Haya yote ni historia inayoweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye kumbukumbu. Sasa niseme kile ambacho nadhani hakionekani vizuri kutoka Ubungo.

Nenda duka lolote la rejareja Nyasubi saa kumi na mbili jioni. Mtoto ametumwa. "Shikamoo. Mama kasema unipimie sukari robo, mafuta ya jero, na unga kilo moja." Mwenye duka anaitikia marahaba bila kuinua macho. Sukari inatoka kwenye kiroba cha kilo 50 kilichokunjwa mdomo. Inachotwa kwa kikombe, inamiminwa kwenye kifuko chepesi kisicho na maandishi, kinafungwa fundo. Mafuta yanatoka kwenye dumu la lita 20. Anachukua kikopo chake cha kupimia, anakitumbukiza, anamimina kwa faneli kwenye chupa ya maji aliyokuja nayo mtoto, anangoja tone la mwisho kwa sababu mtoto naye amefundishwa kungoja. Unga vilevile. Mtoto anaondoka na chakula cha jioni cha watu sita, na katika vitu vyote alivyobeba hakuna hata kimoja chenye jina la kiwanda, tarehe ya mwisho wa matumizi wala alama ya TBS. Maandishi pekee aliyonayo ni yale ya chupa ya maji, na ndani hakuna maji.

Alama ilifika Kahama. Ilifika salama, imechapwa vizuri kwenye kiroba na kwenye dumu. Ikafia hatua mbili kutoka kwa mlaji, pale kwenye kikombe. Na hii si kasoro ya pembeni, ndiyo namna ambayo sehemu kubwa ya watu wa kipato cha siku hununua vyakula vya msingi. Mwenye fedha za kununua dumu zima au mfuko wa kilo 25 hupata kinga yote ya shirika. Mwenye jero hupata neno la mwenye duka. Tumezunguka miaka 50 tukarudi kwa yule bwana wa daftari, isipokuwa sasa hamjuani.

Usidhani hatari ni ya kufikirika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, mahindi ya nyumbani ambayo hayakupita kiwandani wala maabara. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyohiyo ya sumukuvu, na wafanyabiashara wa kanda hii wakajifunza kwa wiki moja kwamba kiwango si karatasi, ni lori linaloruhusiwa kuvuka au linalorudi. Chumvi imetakiwa kisheria kuwa na madini joto tangu miaka ya 1990, na hapo mambo yalikwenda vizuri kwa sababu moja ya kawaida sana: chumvi ikaingizwa kwenye pakiti ndogo ambazo hata mwenye duka haoni faida ya kuzifungua. Nakumbuka chumvi ya Uvinza ya mawe, iliyomwagwa kwenye gunia na kupimwa kwa kikombe. Siku hizi haionekani sana, na pamoja nayo yamepungua matezi ya shingo.

Basi jibu ni pakiti ndogo? Viwanda vimeshaliona. Sabuni ya unga imo kwenye vipakti vya mia mbili, mafuta yamo kwenye vifuko, majani ya chai yamo kwenye karatasi za kikombe kimoja, kahawa ya Africafe ya Bukoba nayo inauzwa kwa vipakti vinavyoning'inia kama shanga mlangoni. Kila kimoja kina jina, tarehe na alama. Kila kimoja pia kinaishia kwenye mtaro. Mvua ya kwanza ya Novemba inapoupiga mji huu, kinachoziba makalavati si mifuko tuliyoipiga marufuku 2019. Ni hivyo vipakti, vyenye vyeti vyote. Taasisi inayomlinda mlaji inataka pakiti, taasisi inayolinda mazingira haiitaki, na mkutano wao wa kweli unafanyika kwenye mtaro wa Nyasubi bila mwenyekiti. TBS ina kituo cha teknolojia ya vifungashio. Ningependa kazi yake kubwa ya miaka ijayo iwe hapo: namna ya kufikisha dhamana kwa mwenye jero bila kumfikishia na takataka. Mashine za kupimia mafuta zenye bomba zimeanza kuonekana kwenye baadhi ya maduka. Mtu akiziwekea kiwango na ukaguzi, dumu lingeweza kubaki limefungwa mpaka tone la mwisho. Ni wazo la fundi tu, si la mwanasiasa, na pengine ndiyo maana halisikiki.

Upande wa watengenezaji wadogo hali imeboreka kweli, na ni haki kusema hivyo. Mama anayekoboa karanga akatengeneza siagi, kikundi kinachosindika asali ya Bukombe, kijana mwenye unga wa lishe: zamani walikuwa wanauza kwa jirani tu. Sasa wanaanzia kwenye shirika la viwanda vidogo, SIDO, wanachukua barua ya utambulisho, wanafanyiwa ukaguzi, wanapewa alama. Malalamiko yao makubwa siku hizi si TBS, ni chupa. Kifungashio kizuri chenye mfuniko wenye sili kinatoka Dar es Salaam, na nauli yake wakati mwingine inashindana na bei ya asali iliyomo. Wenye viwanda vikubwa vya huku, kama wale wa vinywaji vya Jambo pale Shinyanga, wanaweza kutengeneza chupa zao wenyewe. Mama wa siagi ya karanga hawezi. Eneo la mgodi wa Buzwagi uliofungwa limetengwa liwe ukanda wa viwanda. Kiwanda kimoja cha chupa na mifuniko pale kingefanya kazi ambayo semina 100 za ujasiriamali hazifanyi.

Nyuma ya pakiti za siku hizi utakuta pia mistari myeusi ya msimbo. Ikianza na 620, kampuni imesajili msimbo wake Tanzania. Kwa miaka mingi bidhaa zetu zilibeba 616 ya Kenya kwa sababu hapa hapakuwa na chombo cha kutoa namba, mpaka GS1 Tanzania ilipoanza mwaka 2011. Watu wengi huamini 620 maana yake bidhaa imetengenezwa nchini. Sivyo; inaonyesha msajili, si shamba wala kiwanda.

Na mchele? Kahama inalisha mji baada ya mji. Ukienda masoko ya Dar es Salaam utakuta chungu za mchele na kipande cha boksi kimechomekwa juu ya kila chungu: Kyela, Mbeya, Shinyanga, Kahama, na bei. Wateja wana upendeleo wao na wanabishana kama washabiki wa mpira. Hiyo ni chapa kamili, imejengwa na ladha na midomo ya watu, bila pakiti, bila tangazo hata moja la redio, na bila msajili yeyote. Mtu akichanganya mchele wa kwingine akachomeka boksi la Kahama, hakuna wa kumuuliza.

Kabla haujafika huko, mchele huo husafiri kwenye viroba vilivyokwisha kutumika. Simama karibu na mashine za kukoboa wakati wa msimu uangalie lori likipakiwa: kiroba kimoja kimeandikwa sukari, kingine unga wa ngano, kingine mbolea, na juu ya vingi kuna alama ya TBS iliyotolewa kwa bidhaa iliyoliwa mwaka jana na watu wengine. Wanunuzi wa viroba vitupu wanapita maduka ya Nyasubi kila wiki kuvikusanya. Wanaangalia mishono na matundu, wanavikung'uta, wanavihesabu kwa kumi kumi. Kiroba cha mbolea na cha sukari wanalipia bei moja.